Kwa wanaoanza kuwinda mbweha: mita ikijaa, simama

Kuwinda mbweha ni mbio za kutafuta, kwa redio na antena ya mkononi, vituo vidogo vya redio vilivyofichwa; kila kituo ni "mbweha". Kila zoezi la mita 2 (bendi ya redio ya karibu MHz 144) linarudisha mambo yaleyale. Vijana wamo vichakani, Yagi (antena inayosikia zaidi upande inakoelekezwa) mkononi, wanazunguka eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira, mita ya nguvu ya ishara imejaa pande zote, na MOI (mbweha wa pili) anaita nyuma yao. Vijana wetu, tunawapenda, lakini hili tumelisema sana kwa mdomo. Sasa lisomeni.

1. Antena. Ile ya tepu ya chuma ya fundi juu ya bomba la plastiki inatosha. Kiakisi (kipande cha nyuma) sentimita 105. Dipoli (ya katikati, inayoungwa na redio) vipande viwili vya 45, mwanya wa 2.5 katikati, kielekezi (kipande cha mbele) 89. Kutoka kiakisi hadi dipoli 20, kutoka dipoli hadi kielekezi 32. Kati ya vipande vya dipoli weka waya wa sentimita 12.7 uliokunjwa umbo la U. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, maana solda haishiki rangi. Ishike ikiwa imelala, kwa sababu mbweha wa mita 2 hurusha mlalo.

2. Mita kujaa. Hakuna mwindaji asiyewahi kulipia kosa hili. Ukiwa mbali na mbweha, pau za mita ni mbili tatu, mwelekeo safi, unakimbia. Pau zinapanda, na kwa furaha unazidi kukimbia hadi zinajaa. Ukizungusha Yagi sasa, mbele zimejaa, mgongoni zimejaa. Antena haijaharibika, bado inapunguza sana kinachotoka nyuma, ila ishara ni kali kiasi kwamba hata kilichopunguzwa kimepita ukomo wa mita. Masikio nayo hayakusaidii, kwa kuwa redio ya FM husawazisha nguvu zote: ishara ya kutosha na ishara ya kupasua zina sauti ileile. Kisha ishara inapenya ganda la plastiki la redio yenyewe. Chomoa antena uone: mbweha bado anasikika. Kuanzia hapo unazungusha tepu bure. Kijana anachagua upande kwa moyo, dakika ya mbweha kuita inakwisha, mbweha ananyamaza dakika 4 za zamu ya wenzake, naye kijana anazitumia zote nne kwenda mbali.

Kwa hiyo pau zikifika robo tatu, simama, punguza, ndipo uendelee. Atenueta (kipunguza ishara) ya kuhamisha masafa ndiyo bora: osileta ya MHz 4 na dayodi huchanganya ishara ya 144.5, nawe unasikiliza 148.5. Kinachopenya ganda kimebaki 144.5, redio haikisikii tena, na kitufe cha kuzungusha kinashusha kilichohamishwa hadi pau mbili. Huna? Sogeza masafa kilohezi 5 au 10 pembeni. Ukikaribia zaidi, sikiliza harmoniki ya tatu (masafa ya mbweha mara tatu), 433.5. Mwisho kabisa, chomoa antena, bana redio kifuani, geuka polepole: pale mkwaruzo unapoingia, mbweha yuko mgongoni mwako.

3. Chora kila mwelekeo kwenye ramani, na wa pili uuchukue mahali ambapo mistari itakatana kwa pembe inayokaribia nyuzi 90. Mabati na miteremko huakisi mita 2. Mstari mmoja hauaminiki.

4. Mita 80 (bendi ya karibu MHz 3.5) hutafutwa kwa kimya, yaani upande ambao ishara inapotea. Kilele cha antena ya feraiti, pale ishara ilipo kali zaidi, ni kipana, kimya ni chembamba kama uzi. Kimya kina pande mbili, basi bonyeza kwanza antena ya pembeni ujue mbele ni wapi, ndipo uzungushe upate mstari. Kaa mbali na nyaya za umeme na uzio wa chuma, hupinda mwelekeo.

5. Kila mbweha hutuma jina lake kwa Morse. Hesabu nukta za mwisho: MOE moja, MOI mbili, MOS tatu, MOH nne, MO5 tano. Kila mmoja ana dakika yake, hivyo saa iende sawasawa. Katika mbio za kawaida hakuna mbweha ndani ya mita 750 kutoka mwanzo, wala wawili walio karibu kuliko mita 400. Chora duara hilo kabla ya kuondoka. Dakika za kimya fuata dira, hesabu hatua, na inua macho: waya mwembamba unaoshuka wima kutoka kwenye tawi ni antena ya mita 80, na kibendera cha mbweha kiko hatua chache tu kutoka hapo.