Mlango wa kioo bafuni umeota weupe

SWALI: Nakaa Nyali, Mombasa, na bafuni tunatumia maji ya kisima. Mlango wa kioo umeota utando mweupe. Nimeumwagia Jik, nimeusugua kwa sabuni ya unga mpaka mkono ukafa ganzi. Ukilowa unaonekana safi, ukikauka weupe ni ule ule. Naambiwa ni chumvi. Nifanyeje?
Mama Watoto, Nyali

JIBU: Mama Watoto, hiyo Jik iweke kando, na bafu ulisuuze vizuri kabla ya kushika siki. Jik ikikutana na siki, ndimu au asidi yoyote hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu. Tena hapa haina kazi: Jik huondoa rangi na kuua vijidudu, jiwe hailiwezi.

Maana huo weupe ni jiwe. Pwani tumezoea kuyaita "maji ya chumvi", lakini chumvi ya kula ingeyeyuka kwa maji matupu, ikaisha. Chini ya Nyali kuna mwamba wa matumbawe. Maji ya mvua hupenya na hewa ya kaboni dioksidi, yakayeyusha chokaa ya mwamba huo. Tone likikaukia kwenye kioo, ile hewa hutoka na chokaa hugeuka jiwe tena, kama magamba ya ndani ya birika. Sabuni ya kuogea nayo hushikana na chokaa, ikawa utando wa mafuta.

Kwa hiyo mafuta yatangulie kutoka. Osha kioo kwa sabuni ya maji ya vyombo na sponji laini, kisha suuza. Ukiruka hatua hii siki itateleza juu ya mafuta bila kugusa chokaa, na wengi huishia kuilaumu siki.

Kisha pasha moto nusu lita ya siki nyeupe (asilimia 5), iwe vuguvugu tu. Huna siki? Koroga vijiko 2 vikubwa vya unga wa asidi ya sitriki katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Mwagia sakafu maji kwanza, kwa sababu asidi hula saruji ya maungio ya vigae. Na kama sakafu ni marumaru halisi au tarazo, tandika plastiki. Lowesha karatasi za tishu kwa siki uzibandike kiooni. Hapo ndipo penye siri: kioo kimesimama, siki ya kunyunyizia hushuka yote chini kwa dakika moja. Ziache dakika 30, ukizilowesha zikianza kukauka. Bandua, sugua kwa mviringo, suuza, futa papo hapo kwa kitambaa kikavu. Utando wa miaka hutaka kurudiwa mara mbili au tatu.

Usichanganye siki na magadi ya keki. Povu linapendeza, lakini viwili hivyo huuana nguvu.

SWALI: Siki nimerudia mara nne, bado pana ukungu. Nitumie waya wa sufuria, au dawa ya choo?
Mpangaji, Likoni

JIBU: Vyote viwili hapana. Waya huacha mikwaruzo, na hata ule upande wa kijani wa sponji una chembe ngumu za kukwaruza. Dawa ya choo yenye asidi kali itakula fremu ya alumini na kubabua kromu ya bomba.

Pitisha ukucha kioo kikiwa kikavu. Ukikwama kwenye vipele, jiwe bado lipo. Endelea na siki. Ukiteleza na ukungu bado unauona, kioo chenyewe kimelika na hakuna asidi itakayokirudisha. Hapo ni kung'arisha: unga wa oksidi ya seriamu uliokorogwa na maji mpaka uwe kama uji mwepesi, na pedi ya sufi iliyofungwa kwenye drili ya mwendo wa chini. Pedi isikauke wala isikae mahali pamoja, kwani joto hupasua kioo. Ni kazi ya saa nzima kwa eneo dogo, na mkwaruzo unaonasa ukucha hautatoka. Mlango wote ukiwa umelika, uliza kwanza bei ya kioo kipya.

SWALI: Nikishakisafisha, nizuieje weupe usirudi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Kifutio cha mpira cha madirisha, kining'inie humo humo bafuni. Anayeoga mwisho apitishe kutoka juu hadi chini kabla matone hayajakauka. Nusu dakika inatosha.