Kampuni mpya ya keki: je, ni lazima kusajili VAT na PAYE?

SWALI: Asalaam aleikum, mhasibu. Mimi na ndugu yangu tulisajili kampuni ya keki na vyakula vya karamu hapa Mtwapa, Kenya, mwezi wa Septemba, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kazi yote tulifanyiwa na kijana wa saiba (duka la intaneti). Cheti kilitoka na PIN ya kampuni (namba yake ya ushuru) tukapata. Kijana akatushauri tuweke ushuru wote, VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) na PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mishahara), ili kampuni ionekane kamili siku tukiomba zabuni. Tumeanza kuuza Desemba tu, oda za harusi mbili, jumla shilingi 90,000. Hatujaajiri mtu, wala sisi wenyewe hatujajilipa mshahara. Wasaidizi wawili twatarajia kuwachukua Februari. Mambo yakienda sawa twaweza kuuza hadi milioni 3 kwa mwaka. Sasa benki wanatuitisha cheti cha utiifu wa ushuru, na kila tukiomba kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya), twakataliwa. Tulikosea wapi? Na tulitakiwa kusajili nini hasa? Nakuandikia leo tarehe 12 Januari. — Msomaji, Mtwapa

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Kwanza lililo la haraka: ritani (taarifa ya ushuru) ya VAT ya Desemba mwisho wake ni tarehe 20 Januari, kwa hivyo hiyo bado hamjachelewa. Zilizotangulia ndizo zinazowafungia cheti.

Kijana wa saiba hakuvunja sheria, ila aliwapa mzigo ambao hamkuuhitaji. Kila aina ya ushuru unayoiweka kwenye PIN ni wajibu wa kuripoti kwa KRA, mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka, uwe umeuza au hukuuza. Mfumo haujui kama tanuri lenu lilikuwa baridi mwezi wa Oktoba. Unajua tu kwamba kampuni yenye VAT haikuleta ritani.

Fungueni cheti cha PIN muangalie ile orodha ya ushuru chini yake. Mbele ya kila ushuru pana tarehe ya kuanza. Wengi hujaza tarehe ya kuandikishwa kampuni kwa sababu ndiyo iliyo mbele yao kwenye karatasi, na nashuku nanyi mumefanyiwa vivyo hivyo. Ikiwa VAT na PAYE zote zinaanzia Septemba, basi hesabu iko hivi. PAYE hutakiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata: Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba zote zimepita. VAT ni tarehe 20: Septemba, Oktoba na Novemba zimepita. Faini ya kuchelewesha ritani ya VAT ni asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 10,000, kubwa kati ya hizo mbili. Ya PAYE ni asilimia 25 au shilingi 10,000, vilevile kubwa yao. Kwa ritani saba tupu, hiyo ni shilingi 70,000 kwa kampuni iliyouza keki za 90,000.

Sasa la kufanya. Kabla ya yote, hakikisheni barua pepe iliyoandikwa kwenye PIN ya kampuni ni yenu. Hili nalikuta kila mara kwa kampuni zilizosajiliwa saiba: barua pepe ni ya kijana, nywila inamwendea yeye, na notisi za KRA zinaanguka kwenye sanduku ambalo mwenye kampuni hajawahi kuliona. Akihama au akibadilisha simu, mumefungiwa nje ya nyumba yenu. Ikiwa ndivyo, mkurugenzi mmoja aende dawati la KRA katika Huduma Centre na kitambulisho, cheti cha kampuni na CR12 (hati ya Msajili wa Makampuni yenye majina ya wakurugenzi na wenye hisa), aombe ibadilishwe. Msimlipe mtu mwengine awafanyie hilo.

Mkishaingia, wasilisheni zile ritani saba kama ritani za sifuri. Ni kazi ya jioni moja. Faini hazitaondoka kwa kufanya hivyo, lakini mtakuwa mumeacha kuongeza nyengine. Kwa faini zenyewe, andikieni KRA mkiomba tarehe ya kuanza kwa VAT na PAYE irekebishwe, mkiambatisha ushahidi kwamba mauzo ya kwanza yalikuwa Desemba na kwamba hakuna mshahara uliolipwa. Mkipokea notisi rasmi ya makadirio (barua ya KRA inayotaja kiasi mnachodaiwa), sheria inawapa siku 30 za kuweka pingamizi, na siku hizo zinaanza notisi inapofika, si siku mtakayoisoma. Mimi singejenga bajeti juu ya matumaini ya kusamehewa. Ikibidi kulipa, inaruhusiwa kuomba kulipa kidogo kidogo.

VAT ya Desemba si ya sifuri, na hapa ndipo ushauri wa saiba unapouma. Kampuni ikishakuwa kwenye VAT, kila bidhaa inayotozwa ushuru lazima itozwe asilimia 16. Mkate wa kawaida uko kwenye asilimia sifuri, lakini keki na chakula cha karamu vinatozwa. Kwa vile hamkumwongezea bwana harusi chochote, zile 90,000 zitahesabiwa kuwa tayari zina VAT ndani yake: 90,000 mara 16, gawanya kwa 116, ni kama shilingi 12,414. Hapo mtapunguza VAT mliyolipa mkinunua vifaa, mradi ankara ziwe za eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) na zimeandikwa PIN ya kampuni. Risiti ya duka isiyo na PIN yenu haiwasaidii hapa. Kinachobaki kilipwe kufikia hiyo tarehe 20. Malipo yakichelewa kuna faini yake ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Je, mlihitaji VAT? Hapana. Sheria inamlazimu aliyeuza, au anayetarajia kuuza, bidhaa zinazotozwa ushuru za shilingi milioni 5 au zaidi katika miezi 12, na anatakiwa kuomba usajili ndani ya siku 30 tangu afikie hapo. Kwa milioni 3 hamumo. Wapo wanaojisajili kwa hiari kwa sababu wateja wao ni hoteli au makampuni yanayotaka kudai VAT, na kwao kuna maana. Bwana harusi hawezi kuidai popote. Kwake ni bei tu imepanda. Ombeni kuondolewa kwenye VAT, lakini endeleeni kuwasilisha ritani kila mwezi mpaka mpate jibu la maandishi. Kutuma ombi peke yake hakusimamishi wajibu.

PAYE ningeiacha ibaki. Februari ni karibu, na hata kama wasaidizi watalipwa chini ya shilingi 24,000, kiwango ambacho PAYE yenyewe haikatwi, ada ya nyumba ya asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 kutoka kwa mwajiri huripotiwa kwenye ritani hiyo hiyo ya PAYE. Januari wekeni sifuri kufikia tarehe 9 Februari.

Sasa ushuru wa mapato, ambao hakuna kampuni inayoukwepa kuusajili. Kwa mauzo ya zaidi ya milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka, kawaida ya sheria ni TOT (ushuru wa mauzo): asilimia 3 ya mauzo yote, kila mwezi, kufikia tarehe 20. Asiyeitaka humwandikia Kamishna akachagua njia ya kawaida, yaani asilimia 30 ya faida. Mpaka kati ya njia hizo mbili ni rahisi kuukumbuka. Faida ikiwa shilingi 10 katika kila 100 za mauzo, njia zote mbili zinalingana. Faida ikizidi hapo, TOT ni nafuu. Ikipungua, au mkipata hasara mwaka wa kwanza kwa sababu ya kununua matanuri na majokofu, TOT bado itataka asilimia 3 yake juu ya mauzo, kwa mfano 7,500 kwa mwezi wa mauzo ya 250,000, ilhali njia ya kawaida haitataka kitu. Keki za harusi zina faida nzuri, kwa hivyo mimi ningeegemea TOT, lakini pigeni hesabu ya unga, mayai, gesi na usafiri kabla ya kuamua.

Ritani ya mwaka ya kampuni hutakiwa miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Kama mwaka wenu unaishia 31 Desemba, mwisho ni 30 Juni, na ile miezi michache ya mwaka jana inahesabika. Kuikosa ni asilimia 5 au shilingi 20,000, kubwa yao. Nyinyi wakurugenzi pia kila mmoja ana ritani yake binafsi kwa PIN yake inayoanza na A, ambayo haihusiani na ile ya kampuni inayoanza na P. Na msije mkachanganya hizi na ritani ya kila mwaka ya Msajili wa Makampuni. Ile huwekwa kwa BRS (Huduma ya Usajili wa Biashara), si kwa KRA.

Jambo ambalo kijana hakuwaambia ni eTIMS. Hata mkiondoka kwenye VAT, kampuni yoyote inayofanya biashara inatakiwa itoe ankara kupitia eTIMS, na tangu Januari 2024 mnunuzi hawezi kupunguza gharama kwenye hesabu zake za ushuru bila ankara hiyo. Hoteli ya kwanza itakayowapa oda itawaitisha. Fungueni akaunti hiyo wiki hii, na kabla ya mshahara wa kwanza wa Februari jisajilini kama mwajiri kwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kwa SHA (mamlaka ya bima ya afya), kwani kila moja ina usajili wake mbali na iTax.