Upande mmoja au pande zote?

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Umeuliza kama ni kawaida huko chini kuvimba siku nne tano kabla ya hedhi. Nami nakuuliza: kumevimba pande zote mbili, au mmoja?

Yai likishatoka, zikibaki kama wiki mbili hedhi ije, homoni hubadilika, mwili hushika maji na damu hujaa nyonga. Mashavu ya uke huwa mazito, laini, pande zote sawa, kama matiti yanavyojaa. Hedhi ikianza, hunywea. Pakiwasha na kutoka uchafu mzito kama mtindi, fikiria fangasi, nayo hupenda wiki hiyohiyo, nenda ukapimwe.

Upande mmoja ni habari nyingine. Mlangoni mwa uke kuna tezi mbili za Bartholin za kutoa ute, kila moja kama punje ya njegere. Ukiufanya mlango uso wa saa, ziko penye namba 4 na namba 8 (namba zilizoandikwa, si saa zetu za Kiswahili!). Kijia kikiziba, ute hukwama, panatuna gololi.

Ndiyo yaliyomfika mama yako mdogo kwenye ile harusi. Alikalia tako moja siku mbili, watu wakasema anaringa. Kumbe anakamua chooni, kisha anaweka shabu. Shabu, jamani! Siku ya nne homa, usaha, kutembea hawezi, ikabidi apasuliwe. Angesema mapema. Lakini aseme kwa nani, na nyumba imejaa wakwe? Lile neno "anaringa" bado linanikera.

Ikiwa ni gololi, kalia beseni la maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku chache. Usikamue, usitoboe. Ukipata homa, ukishindwa kukaa, au ikizidi kukua, hospitali siku hiyohiyo.

Na uandike. Tangu darasa la sita nakwambia, andika! Miezi mitatu: tarehe ulipovimba, tarehe damu ilipoanza, upande gani. Uvimbe wa hedhi hufuata kalenda, wa tezi haufuati.

Ulimi unaniwasha kusema lako ni maji tu, maana unasema hurudi kila mwezi. Ila upande hukutaja, basi sisemi. Chukua kioo kidogo leo usiku, ujitazame, kisha unipigie. Usitume ujumbe, baba yako ndiye anayeshika simu yangu jioni.

Mama