Baba Ametuachia Datsun Ndani ya Maboksi

Karibuni tena kwenye ukurasa wetu wa magari ya zamani. Mara hii nimechagua barua nne. Ya kwanza imenigusa sana, kwa hiyo nitaipa nafasi kubwa, na walioniuliza kuhusu kushona viti wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni ndugu watatu. Marehemu baba yetu alinunua Datsun 240Z ya mwaka 1972, akaanza kuifungua bolti moja moja kwa nia ya kuirudisha upya. Alifariki kabla hajaifunga. Bodi iko juu ya stendi, injini imefunikwa turubai kwenye kona, na vilivyobaki vimo ndani ya maboksi kumi na tisa. Kaka mkubwa anataka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, hata rangi isibadilike. Mimi nataka nitie injini ya kisasa ya V8, yenye silinda nane, maana gari ni la kuendeshwa, si la kutazamwa. Dada yetu anasema liuzwe tugawane. Tumefika mahali hatusalimiani. Tufanyeje? — *Mtoto wa Kati*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana na msiba.

Nianze kwa kukuuliza: kati yenu watatu, nani ameshayafungua maboksi yote kumi na tisa? Barua yako ni ndefu, lakini hakuna mahali ulipoeleza kilichomo. Mnagombania gari ambalo hamjalijua. Tengeni siku mbili, mkae wote watatu, mtandike shuka kuukuu sakafuni, mtoe kitu kimoja baada ya kingine, mkipige picha na kukiandika kwenye daftari. Dada yenu ndiye ashike kalamu, kwa kuwa yeye hana upande kwenye ugomvi wa injini.

Pistoni, beringi na gasketi za L24, yaani injini iliyotoka na gari hilo kiwandani, msizihofu. Ni injini ngumu, inafungulika vizuri, na vipuri vyake vinatengenezwa hadi leo. Vinavyotesa ni vitu vidogo vya urembo: nembo, taa za nyuma, vifuniko vya plastiki, na dashibodi, ambayo kwenye magari haya hupasuka kwa jua. Mkimkuta baba amefunga nembo kwenye gazeti na kuandika juu yake kwa mkono wake, msilitupe gazeti hilo.

Baada ya maboksi, nendeni kwenye bodi. Injini isubiri. 240Z inaoza kwa kutu, na inaoza kimya kimya chini ya rangi nzuri. Chomoeni zulia mtazame sakafu. Tazameni chini ya kibao cha betri, maana asidi iliyodondoka hapo hula chuma mpaka kwenye mihimili ya chini. Tazameni vizingiti vya milango na ile kona iliyo mbele ya tairi la nyuma. Chukueni sumaku ndogo mpitishe juu ya rangi. Inapokataa kushika, ujue kuna puti na si bati.

Mkikuta kutu kwenye vizingiti, msikate siku hiyo hiyo. Hapa nina jambo langu la kusema. Mimi nimekulia chini ya MGB, gari dogo la Kiingereza, ya mwaka 1966, pamoja na baba na kaka zangu wawili. MGB, kama hiyo 240Z yenu, haina fremu iliyo kando na bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Na MGB yetu ni ya wazi, haina paa la chuma la kuisaidia. Tulikuwa na haraka. Tukakata vizingiti vya pande zote mbili kwa siku moja, bila kufunga vyuma vya kushikilia katikati ya fremu za milango. Tulipomaliza kuchomelea, mwanya wa juu wa mlango ulikuwa umejifunga kabisa. Bodi ilikuwa imelala katikati. Tulikata upya kazi yote, na ilituchukua miezi minane kurudi pale tulipokuwa. Baba hakumlaumu mtu. Alichukua daftari akaandika vipimo vya kila mwanya, kulia na kushoto, na tangu siku hiyo hatukukata kitu bila kupima kwanza, tukifanya upande mmoja hadi uishe ndipo tuhamie wa pili.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Ndani ya chumba cha injini kuna kibati kinachotaja namba ya injini iliyozaliwa na gari hilo. Ilinganisheni na namba iliyopigwa kwenye bloku. Zikifanana, mwanangu, nakuomba uiache V8. Gari la mwaka 1972 lenye injini yake mwenyewe halitengenezwi tena, na ukishakata mahali pa kufungia injini na kupanua handaki la giaboksi, umefunga mlango kwa ndugu zako na watoto wao.

Halafu usidharau silinda sita za baba yako. Ni sentimita za ujazo 2393 tu na kabureta mbili, lakini 240Z ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann, ikashinda tena mwaka 1973 chini ya Shekhar Mehta, kwenye matope na mawe yaliyovunja magari mengi. Unayetaka gari la kuendesha, hilo ni la kuendesha. Ukimaliza kulifunga, tapeti zikapimwa na kabureta zikalingana, uliendeshe mwezi mzima ndipo uniandikie kama bado unataka V8.

Kaka yako naye asikubane kwa kila nati. Sisi nyumbani tulikubaliana hivi: kinachoshikwa na bolti kinaruhusiwa kubadilishwa, mradi cha zamani kihifadhiwe kikiwa na lebo, kinachohitaji grainda hakiruhusiwi mpaka wote tukubali. Kwa kanuni hiyo unaweza kutia mfumo wa kielektroniki wa kuwasha cheche za plagi badala ya pointi ndani ya disibyuta, radieta yenye nafasi zaidi, mikanda bora ya usalama, na pedi nzuri za breki. Pointi za zamani zinakaa kwenye kopo, na siku kaka akitaka kuzirudisha, ni kazi ya mchana mmoja. Kama namba za injini hazifanani, basi una nafasi kubwa zaidi ya kujadiliana, lakini hata hapo grainda ipigiwe kura.

Nimemwacha dada kwa makusudi, kwa sababu nadhani yeye ndiye aliyesahauliwa. Alipokuwa mdogo, nani alimwita gereji? Kwetu mimi niliitwa kushika tochi, na kwa miaka mingi nilikuwa mshika tochi. Mwaka niliotimiza kumi na miwili, baba alikuwa akilinganisha zile kabureta mbili za SU kwa mpira mwembamba: ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni, ukisikiliza kama mvumo wa hewa ni sawa pande zote. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Akanipa mpira. Nikamwambia ya nyuma inavuta kwa nguvu zaidi. Akageuza skrubu kidogo, nikasikiliza tena, akageuza tena, mpaka mivumo ikawa mmoja na injini ikatulia. Kuanzia hapo kabureta zikawa zangu. Kama dada yako hakuwahi kupewa mpira sikioni, gari hilo kwake ni chuma kinachokula nafasi, na ana haki ya kuona hivyo.

Kwa hiyo msimwite msaliti. Mkae mpate thamani ya gari kama lilivyo sasa kutoka kwa mtu asiye na maslahi, mjue theluthi yake ni kiasi gani, na mmpe njia mbili: mlipeni kidogo kidogo mpaka fungu lake liishe, au abaki na fungu lake bila kuchangia gharama, na mchango wenu uandikwe. Mwelezeni pia ukweli kwamba gari lililofunguliwa, lililomo maboksini, huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko hilo hilo likiwa limefungwa na linawaka. Huenda akakubali kusubiri. Asipokubali, mlipeni. Yote yaandikwe na kutiwa sahihi: nani anamiliki nini, nani analipa bima, na itakuwaje mmoja wenu akitaka kutoka. Kaka yangu wa pili alitoka kwenye MGB yetu kwa njia hiyo. Fungu lake tulilinunua. Ufunguo wake hatukumnyang'anya.

SWALI: Shangazi, babu amenipa MGB yake ya mwaka 1965. Nimenunua redio mpya ya kisasa, nikaunganisha waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye bodi kama kawaida. Ilitoa moshi papo hapo. Fundi wa redio anasema gari lina laana. — *Mjukuu*

JIBU: Halina laana, mjukuu. MGB za miaka hiyo zilifungwa kinyume na magari ya leo: chanya ya betri ndiyo iliyoshikwa kwenye bodi, na hasi ndiyo inayopeleka moto. Mpango huo ulibadilishwa mwishoni mwa mwaka 1967. Redio yako ilipokea umeme kinyumenyume na ikaungua.

Ukichungulia nyuma ya viti utakuta betri mbili za volti 6 zilizounganishwa kupata volti 12. Usizichaji wala kuziazimia moto kutoka gari lingine kabla hujajua ipi ni ipi. Gari linaweza kugeuzwa liwe hasi kwenye bodi; dinamo lazima ipewe mwelekeo mpya, waya za koili zibadilishane, na kila kilichoongezwa baadaye kikaguliwe. Si kazi ngumu, lakini muulize babu kwanza, maana huenda alishaigeuza nusu. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kama imegeuzwa kikamilifu, andika kwa rangi nyekundu chini ya boneti, ili fundi wa baadaye asipate mkasa wako.

SWALI: Shikamoo dada. Binti yangu ana miaka kumi na moja na hatoki gereji kwa baba yake. Mume wangu anafurahi, mimi naogopa. Wanatengeneza Triumph Spitfire, na juzi nilimkuta akipuliza vumbi la breki kwa pampu ya hewa. Nimkataze? — *Mama Mwenye Wasiwasi*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mtoto usimkataze, ila ile pampu ikataze leo hii, kwa baba na kwa binti. Breki na klachi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likipulizwa huingia mapafuni na kukaa humo miaka mingi bila dalili. Vumbi la breki halipulizwi wala halifagiliwi likiwa kavu. Hulowanishwa kwa dawa ya kusafishia breki, hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, na kitambaa hufungwa kwenye mfuko na kutupwa. Umefanya vyema kuogopa, na mwonyeshe mumeo ukurasa huu.

Mambo mengine mawili: asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati, na asinawe mikono kwa petroli.

Yaliyobaki ni mengi na ni matamu. Boneti ya Spitfire hufunguka yote kuelekea mbele, pamoja na mabawa yake, hivyo mtoto anaweza kusimama pembeni ya tairi na kuifikia injini bila kupanda kitu. Mpeni kusafisha plagi na kupima mwanya wake. Mpeni kuweka lebo kwenye waya kabla hazijachomolewa. Vidole vyake vidogo vitafika nyuma ya dashibodi ambako vya baba havifiki. Na umnunulie spana zake mwenyewe, chache lakini za kweli, za saizi za inchi, maana gari hilo halitumii milimita kwenye bolti zake nyingi. Za kuchezea zitaharibu vichwa vya bolti na kumvunja moyo.

SWALI: Shangazi, familia yetu inataka bibi harusi apande gari la babu, lenye rimu za waya. Matairi yana maua mengi kabisa, yanaonekana mapya. Kwenye ubavu yameandikwa 0803. Kuna shida? — *Kamati ya Usafiri*

JIBU: Ipo. Tarakimu hizo zinasema tairi lilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2003. Maua hayaishi kwa gari linalolala gereji, lakini mpira unazeeka hivyo hivyo. Unakuwa mgumu, unapasuka ndani ambako hamwoni, na siku ya joto, gari likiwa na watu na mwendo, tairi linaweza kufumuka. Yatoeni yote manne na la akiba.

Kwa kuwa rimu ni za waya, tairi jipya liwekwe na tyubu mpya na utepe mpya wa ndani, ili vichwa vya spoku visitoboe tyubu. Rimu zikiwa nje, tazameni meno ya kitovu: yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, rimu itaruka siku moja mkishika breki, kwa hiyo hata kitovu kibadilishwe. Yakiwa mazima, yasafisheni, yapakeni grisi, na nati kubwa ya katikati mwikaze kwa nyundo ya shaba. Kisha mwendeshe gari mwendo mfupi siku chache kabla ya harusi, mrudi, mzikaze tena.