Siku za mwisho baharini: sisi yalitukuta Ushongo

Mkuu nimeusoma uzi wako wote. Uko Jambiani, Zanzibar, na mke wako, zimebaki siku mbili mrudi Dodoma, tangu juzi mkeo hali chakula vizuri, hacheki, kila mkikaa mnagombania kitu kidogo, na umeuliza kama ni kawaida au kuna kitu anakuficha, halafu ukauliza kama muongeze siku. Wengi hapo juu wamekujibu ni uvivu wa kurudi kazini tu, mkifika utaisha. Mimi naomba nipingane nao kwa heshima, maana na mimi niliambiwa hivohivo nikaamini, na nusura inigharimu ndoa.

Sisi tunakaa Kibosho, Kilimanjaro. Mimi mwalimu wa sekondari, mke wangu ana duka la vyombo Moshi mjini. Mimi ndio mtoto wa mwisho wa kiume kwetu, na kwa wanaojua mila za Wachaga wa mwisho ndio anabaki na wazazi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa hiyo nilipooa 2013 nilimleta hapohapo kwa mama, nyumba yetu na ya mama zinatazamana, katikati uwanja, pembeni banda la ng'ombe. Miaka kumi hatukuwahi kusafiri sisi wawili peke yetu. Tukitoka ni msiba, harusi, kipaimara, na watoto nyuma na mizigo ya watu. 2023 mke wangu alipata mgawo wake wa kikoba, akaniambia baba Imani hii hela sitaki iingie dukani wala kwenye ada, nataka nione bahari. Hajawahi kuiona. Likizo ya mwezi wa sita tukawaacha watoto kwa dada yangu tukaondoka.

Tulichagua Pangani kwa sababu ya bei, na mwalimu mwenzangu alishafundisha kule akaisifia sana. Moshi mpaka Tanga kwa basi, unapita Himo, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza unanunua machungwa, Tanga mjini unapanda gari ya Pangani. Ukifika Pangani unavuka mto kwa pantoni kwenda Bweni, halafu bodaboda zaidi ya nusu saa kwenye mchanga na minazi mpaka Ushongo. Kijiji cha wavuvi tu, ngalawa zimepangwa ufukweni, dagaa wameanikwa, jioni unasikia adhana na mawimbi basi. Chumba tulilipa elfu 45 na chai ya asubuhi.

Aisee zile siku tatu za kwanza. Sijui niseme nini. Mke wangu alikuwa anaamka saa tatu, SAA TATU, mtu ambaye miaka kumi sijawahi kumkuta kitandani nikiamka. Tulitembea ufukwe mzima maji yakipwa, tukala pweza, tukabishana kuhusu mambo ya chuo, nikagundua kumbe bado anaimba akioga. Siku ya pili tukaenda Maziwe, ni kisiwa cha mchanga mtupu huko katikati ya bahari kama kilomita 8 hivi kutoka ufukweni, maji yakijaa kinazama chote, unaenda kwa kufuata kupwa na unaondoka kabla hayajarudi. Nahodha alitusimulia kwamba zamani kilikuwa na mivinje, miti mikubwa kabisa na kivuli, bahari ikala mpaka ikaisha, na kasa wakija kutaga pale maji yanazamisha mayai, ndio maana watu wa Ushongo wanayahamishia kijijini wanayafukia kwenye mchanga wa juu. Na jioni ile ile bahati ikatuangukia, kiota kimoja kilikuwa kinatoka. Vitoto vya kasa vidogo kama kiganja cha mtoto vinakimbilia maji vyenyewe, hakuna anayevionyesha njia. Mke wangu alichuchumaa pale mpaka cha mwisho kikaingia baharini na giza likaingia, nikamwita mara mbili hakunisikia.

Siku ya nne asubuhi nikamkuta anakunja nguo. Nikamwambia tuna siku mbili bado unapanga begi la nini, akasema anaziweka tu vizuri. Siku ile hakuingia majini. Mchana dada akapiga kuuliza pumba za ng'ombe ziko wapi na mama amesema mtarudi lini, mtandao unakatika katika, mke wangu akawa anapiga kelele "ziko nyuma ya pipa! nyuma ya pipa!" na alipokata simu uso wake ulikuwa umeshafika Kibosho. Usiku tukagombana kwa sababu ya chenji ya elfu mbili, elfu mbili mkuu. Na hapo ndio nikamwambia neno ambalo mpaka leo ningependa nilirudishe, nilimwambia "Sasa si unarudi kwako? Nyumba ni yako, watoto ni wako, hakuna anayekupiga, unaogopa nini?" Akanyamaza. Ile kunyamaza ya mtu aliyekuwa anataka kukwambia kitu akaona hufai.

Nakwambia hili ili wewe usilitamke. Mtu akiogopa kurudi nyumbani usimhesabie vitu vizuri alivyonavyo nyumbani. Anavijua, ndio maana anaona aibu kusema.

Siku ya kurudi bodaboda ikapata pancha katikati ya minazi, tukakaa pale karibu saa nzima, tukafika Bweni jua liko juu na basi la Moshi tulilotaka tushajua hatulipati. Kwenye pantoni maji ya mto yalikuwa ya udongo kabisa, yanaenda taratibu kuingia baharini. Mzee mmoja mwenye baiskeli akatuuliza tunatoka wapi, nikamwambia Moshi, akasema basi haya maji ni ya huko kwenu. Na ni kweli, mimi nafundisha jografia, mto Pangani unakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, Karanga na Weruweru za kwetu zinaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kutoka hapo ndio Pangani inashuka Korogwe, Hale, mpaka pale tulipokuwa tumesimama. Nikaanza kumweleza mzee kwa furaha kabisa. Mke wangu alikuwa ameshika ule mnyororo wa pembeni anaangalia chini, akasema kwa sauti ndogo, "Hayo yana bahati, hayarudi."

Mzee akaangalia pembeni. Mimi sikuongea tena mpaka Tanga.

Tukalala Tanga, gesti ya kawaida karibu na stendi, feni inapiga kelele, hakuna bahari hakuna chochote. Na pale ndio tuliongea. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi pale, nadhani kwa sababu hatukuwa likizo na hatukuwa nyumbani. Nilishamuuliza siku mbili "una nini" na jibu lilikuwa "sina kitu", kwa hiyo nikabadilisha, nikamuuliza, mama Imani, kule nyumbani ni saa ngapi unayoiogopa? Hakufikiria hata kidogo. Akasema saa kumi na moja alfajiri.

Mama yangu hamgongei mlango. Mama anatoka nje saa kumi na moja, anasimama karibu na dirisha letu, anakohoa. Mara mbili. Ndio ishara kwamba ng'ombe wanataka majani. Mke wangu anaamka anaenda kukata majani, anarudi nayo kichwani, anakamua, anaandaa watoto, anateremka mjini kufungua duka, jioni anapanda tena njia ile ile. Miaka kumi. Mimi nimelala chumba hicho hicho, kitanda hicho hicho, na kile kikohozi nilikuwa nakisikia kama watu wanavyosikia jogoo. Akaniambia kule Ushongo usiku wa tatu aliamka mwenyewe saa kumi na moja, akasubiri kikohozi hakikuja, akalia, mimi nimelala. Kuanzia hapo akaanza kuhesabu siku.

Halafu na yeye akaniuliza, na wewe ni saa ngapi? Nilitaka kusema mimi sina. Lakini ukweli upo. Mimi shule inafungwa saa tisa na nusu na nafika nyumbani saa moja jioni. Madaftari ambayo ningeweza kusahihisha mezani kwangu nayasahihisha staff room mpaka mlinzi anakuja kuzima taa, kwa sababu nikifika mapema nakuta mama ana lake dhidi ya mke wangu na mke wangu ana lake kimya kimya, nikichelewa nakuta wote wamechoka wamelala. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu. Kumbe tulikuwa wawili tunaikwepa nyumba moja, yeye asubuhi mimi jioni.

Kesho yake tukapanda basi. Kutoka Same kuendelea mimi huwa naangalia kama mlima umefunguka, ni kitu cha tangu utoto, nikiuona najua nimefika. Siku ile ulikuwa na mawingu ya Juni. Nilishukuru haukuonekana.

Nini nilifanya. Kwanza sikwenda kumwambia mama "mke wangu kalalamika", ukifanya hivo umemuua mke wako. Asubuhi ya kwanza mama akakohoa, nikamshika mke wangu bega nikamwambia lala, nikachukua panga nikatoka mimi. Mama aliniangalia kama mgeni. Kwetu mwanaume kubeba mzigo wa majani kichwani asubuhi njia nzima watu wanakuona, wanaongea, na waliongea kweli, kilabuni ilikuwa habari ya wiki. Siku ya tatu mama akaniita jikoni. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akaniuliza tu, "Aliona nini huko baharini?"

Nikamweleza yote, kasa, Maziwe, mpaka lile neno la pantoni. Lile nilisita lakini nikalisema. Mama akakaa kimya muda mrefu anachochea moto, halafu akasema alipoletwa pale na yeye bibi yangu alikuwa hai, na yeye mama alikuwa akitoka sokoni hafiki nyumbani moja kwa moja. Anakaa pale kwenye mfereji, ule unaopita chini ya shamba letu, anaweka miguu kwenye maji mpaka giza liingie ndio anapanda. Akasema alifanya hivo mpaka bibi alipokufa. Na bibi alikuwa anamwamsha kwa kukohoa.

Nimelelewa pale, huo mfereji nimeuoga utoto wote, sikuwahi kujua.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Tuliuza ng'ombe mmoja kati ya watatu, kuna kijana analeta majani siku nne kwa wiki namlipa, siku zilizobaki nakata mimi. Dada yangu alinuna miezi minne akisema nimekaliwa, na kuna sikukuu moja hakuja kabisa. Mama kuna siku anasahau, au hasahau, anatoa maneno. Lakini mimi saa kumi jioni niko nyumbani, madaftari nasahihishia mezani na Imani anafanya homework pembeni, na mke wangu ameanza kuimba bafuni, siyo kila siku. Kikohozi bado kipo, alfajiri ile ile. Anayeamka ni mimi.

Sasa turudi kwako mkuu. Hizo siku mbili usizijaze safari, acha ziara za boti na kununua zawadi za ukoo mzima. Mpeleke mtembee ufukweni maji yakiwa yamekupwa, hapo Jambiani yanaenda mbali sana kabla hayajarudi mna muda wa kutosha, wanawake wa mwani watakuwa kwenye kazi zao hakuna wa kuwasikiliza, muulize ni saa ngapi. Usimuulize tatizo ni nini wala nani amemkosea, muulize saa tu. Akikutajia usijitetee na usiahidi kitu pale pale, hata kama saa hiyo inakuhusu wewe. Inawezekana inakuhusu wewe, jiandae na hilo. Na yako uwe umeshaitafuta kabla hujamuuliza ya kwake.

Kuhusu kuongeza siku, hela ya usiku mmoja zaidi kama unayo usiilalie hapo baharini, maana mtaamka na woga ule ule umesogea siku moja mbele. Vukeni mpaka Dar, pandeni treni, shukeni Morogoro mlale hapo, chumba chochote kile. Dodoma mtafika kesho yake mchana, na ukiweza uombe ruhusa kazini mpaka Jumanne, msiingie nyumbani jioni na asubuhi yake mtu yuko ofisini, sisi tulifika Jumamosi na bado siku moja ile ilikuwa ndogo.

Ukishamuuliza rudi hapa utuambie kama uko huru kusema. Kama siyo ya kusema hadharani PM iko wazi, ila mimi jioni nachelewa kujibu, niko nyumbani.