Anayetaka kazi ya kupambana na ukatili wa kijinsia: ajifunze nini, na mashauri yanafia wapi

Mleta mada, umesema mdogo wako amemaliza kidato cha sita kwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), anataka maisha yake ya kazi yawe ya kupambana na vipigo vya majumbani na ubakaji, na hujui umshauri asome nini. Waliotangulia wamekutajia vyuo. Mimi nitagusa vyuo kidogo tu, maana hapo si pagumu. Pagumu ni kuijua kazi yenyewe, tangu mama anapogonga mlango wa mjumbe usiku mpaka hakimu anaposoma hukumu.

Shauri moja la ubakaji hapa Tanzania linapita mikono mingi: mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, daktari, afisa ustawi wa jamii, mpelelezi, Mkemia Mkuu wa Serikali, mwendesha mashtaka, hakimu. Wote wanaweza kuwa watu wazuri na shauri likafa vilevile, kwa sababu wa kwanza hakujua wa nne atahitaji nini. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: achague mkono mmoja autawale, halafu ajue kwa undani mkono unaofuata unasubiri kupokea nini kutoka kwake.

Milango ya kuingilia ipo ya kutosha. Ustawi wa jamii ndio wa karibu zaidi na watu. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama inajulikana, na kwa maendeleo ya jamii kuna chuo cha Tengeru, Arusha. Uuguzi na utabibu ni mlango ambao vijana wengi wenye moyo huu wanausahau, wakati mhanga wa kubakwa anahitaji muuguzi anayejua anachofanya kabla hajahitaji mtu mwingine yeyote. Kwa HGL huko hataingia, lakini kusomea shahada ya sheria anaweza. Kama shahada ni mbali, kuna usaidizi wa kisheria unaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kama wakili na hatozi pesa, ila ndiye anayemsindikiza mama polisi na kumwandikia barua. Mashirika ya kutetea wanawake kama TAMWA, TAWLA na WiLDAF yamekuwa kwenye uwanja huu kwa miongo, lakini ajira nyingi za mashirika ni za mradi, na mradi ukiisha mkataba nao unaisha. Ajipange kwa hilo mapema.

Sasa kazi yenyewe. Kwa ubakaji na ulawiti, namba ya kukariri ni saa 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, PEP, lazima zianze ndani ya saa hizo, na saa ya pili ni bora kuliko ya sitini. Kwanza kipimo cha VVU. Aliyekwisha kuwa na maambukizi haanzi PEP, anaunganishwa na kliniki. Dozi ni siku 28, na hapa ndipo panapovuja. Mhanga anapewa vidonge vya siku chache za mwanzo, anaambiwa arudi, kichefuchefu kinamzidi, nauli hana, harudi. Afisa anayejua kazi anampigia simu siku ya tatu, anamwambia ameze baada ya kula, na anamtafutia nauli ya kurudia dawa. Kipimo cha VVU kinarudiwa baada ya miezi mitatu.

Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba kuna kidonge cha dharura, levonogestreli miligramu 1.5 kwa mara moja, haraka iwezekanavyo na si zaidi ya siku 5. Akitapika ndani ya saa 2, anarudia. Ziongezwe dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini B. Na jambo ambalo kila mtu mtaani kwake anapaswa kulisikia kutoka kwake: matibabu ya dharura hayasubiri PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza. Hospitali ikimrudisha mtu anayevuja damu akatafute kwanza fomu polisi, mdogo wako asimame pale aongee na mganga mkuu wa zamu kwa heshima, lakini asiondoke.

Nguo. Familia nyingi, kwa uchungu na kwa usafi, humwogesha mtoto na kufua nguo kabla ya kwenda popote. Aifundishe mitaa yake: usimwogeshe, usifue, usichome. Ikiwa tayari ameoga, waende hivyohivyo, dawa bado zinahitajika. Nguo zinaanikwa kivulini zikauke, kisha kila moja inaingia kwenye bahasha yake ya kaki. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu, ukungu unaota, na alichokuwa akipime Mkemia Mkuu kinaharibika. Juu ya bahasha andika nini kimo, kimetoka kwa nani, nani alikichukua, tarehe na saa, na kila anayekipokea baadaye aweke saini. Bahasha ikikaa siku mbili kwenye droo ya mtu asiyejulikana, wakili wa utetezi ataiulizia hizo siku mbili tu, na ana haki.

PF3 yenyewe inaharibiwa zaidi na maneno. Kuna fomu zinarudi zimeandikwa "hakuna ubakaji" au "bikra ipo". Daktari hatakiwi kuamua kama mtu amebakwa; hiyo ni kazi ya mahakama. Aandike alichokiona: mchubuko, upande gani, ukubwa gani, rangi gani, maumivu wapi, mwathirika alikuwa katika hali gani. Kisheria kuingiliwa hata kidogo kunatosha, kwa hiyo mwili usio na jeraha hauthibitishi kwamba hakuna kilichotokea, na Shirika la Afya Duniani tangu 2018 limetaka kipimo cha bikra kikome kabisa. Huko mahakamani, PF3 ikishapokelewa kama kielelezo ni lazima isomwe kwa sauti. Isiposomwa, mahakama ya rufaa inaiondoa kwenye kumbukumbu, hapo linabaki tegemeo la maneno ya daktari mwenyewe. Kama daktari hakuitwa, au amehamia mkoa mwingine, jaza mwenyewe.

Nikae kidogo kwenye maelezo ya mtoto, maana hapa ndipo watu wazuri wanapoharibu bila kujua. Mtoto anasema "alinifanyia tabia mbaya." Mwandikaji, kwa kumwonea huruma au kwa haya yake mwenyewe, anaandika hivyohivyo na kufunga daftari. Miezi minane baadaye wakili anauliza: tabia mbaya ipi? Alimtukana? Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba kwa kawaida haitoshi shahidi kusema "alinibaka". Lazima ieleweke kwamba kuingiliwa kulifanyika. Basi mdogo wako ajifunze kuuliza bila kumlisha mtoto jibu. "Kisha ikawaje?" "Alikugusa na nini?" "Wewe hapo unapaitaje?" Neno analolitumia mtoto, hata kama ni la nyumbani kwao, liandikwe kama lilivyo, na pembeni mtoto aonyeshe kwenye mchoro. Asiulize "alikubaka, siyo?" Swali la namna hiyo linaangusha ushahidi wote. Na mtoto ahojiwe mara moja vizuri, si mara tano na watu watano.

Mengine matatu yanayoangusha kesi za watoto kwenye rufaa. Umri: kutajwa kwenye hati ya mashtaka hakutoshi, lazima uthibitishwe kwa ushahidi, iwe cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au kauli ya mzazi kizimbani. Hii ina uzito mkubwa, maana kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kwa kubaka kwa kawaida adhabu haipungui miaka 30. Pili, tangu sheria ya ushahidi iliporekebishwa 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo lazima iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Rufaa zimeshinda kwa sababu sentensi hiyo moja haikuandikwa. Afisa ustawi anaweza kumkumbusha mwendesha mashtaka asubuhi ile, na kumzoesha mtoto chumba cha mahakama siku moja kabla. Tatu, kumtaja mtuhumiwa mapema. Mtu akimjua aliyemfanyia lakini akamtaja wiki tatu baadaye, mahakama itataka sababu. Sababu huwa zipo, kama vitisho au aibu, au mtuhumiwa ndiye anayelipa ada ya shule, ila ziwe zimeandikwa tangu mwanzo.

Tusisahau wavulana. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wavulana hawaletwi.

Vipigo vya ndani ya ndoa ni kazi ya namna nyingine. Kenya wana sheria mahsusi ya 2015, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mpigaji asimsogelee mwenzake. Tanzania Bara hatuna sheria kama hiyo. Tunayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inayosema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, na tuna mashtaka ya shambulio la kudhuru mwili. Kubakwa na mume ni kosa pale tu wanapokuwa wametengana, na hilo ni pengo linaloniumiza kila ninapolieleza. Kwa kuwa hakuna sheria mahsusi ya namna hiyo, mpango wa usalama ndio ngao.

Kabla ya kushauri chochote, mdogo wako amuulize mama: amewahi kukukaba shingo? Ametishia kukuua? Ana silaha? Alikupiga ukiwa mjamzito? Vipigo vinaongezeka? Umemwambia unaondoka? Swali la shingo ni zito kuliko yote. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko kwenye hatari zaidi ya mara 7 ya kuja kuuawa naye. Aliyekabwa apelekwe hospitali hata kama shingoni hakuna alama. Dalili za kuulizia ni sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vidoa vyekundu machoni, kujikojolea wakati ule. Na kamwe asimwambie mama "ondoka leo" kama shangazi wa kwenye redio, kwa sababu saa ya kuondoka ndiyo saa ya hatari kubwa. Kwanza iandaliwe: nakala za cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya NIDA, kadi ya kliniki, risiti za kiwanja, dawa anazotumia, nauli na simu ndogo, vyote vikae kwa jirani au ndugu ambaye mume hamfikirii. Namba ya siri ya M-Pesa ibadilishwe siku ya kuondoka, si wiki moja kabla, maana mume akiigundua mapema anajua kinachopangwa. Neno moja la siri na jirani. Ugomvi ukianza, asikimbilie jikoni, visu viko huko.

Wengi wanabaki kwa sababu ya nyumba na watoto. Amweleze mama kwamba katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali za ndoa. Na amwandae kwamba kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka kwa kawaida inataka cheti cha baraza la usuluhishi la ndoa kwamba usuluhishi umeshindikana. Baraza lipewe taarifa ya vipigo, na mama asiende peke yake wala asirudi njia moja na mume.

Kuna adui mwingine anaitwa "tumalizane kifamilia." Ng'ombe wawili, au laki kadhaa, mashahidi wanahama, tarehe inasogezwa, kesi inafutwa. Ubakaji hauna suluhu ya kikao cha ukoo. Dawa yake ni ukaribu: kupiga simu kabla ya kila tarehe ya kesi, kutafuta nauli za mashahidi, kuhamisha mtoto kwa ndugu wa mbali shinikizo linapozidi. Na kule mtaani, kazi na wanaume. Mbinu ya SASA! iliyoanzia Kampala haihubiri "acheni kupiga". Inazungumzia nguvu, nani anazo na anazitumiaje. Ilipopimwa, matokeo yakachapishwa 2014, vipigo vya wenzi kwa mwaka uliopita vilikuwa chini kwa asilimia 52 kwenye mitaa iliyoshiriki. Inachukua miaka. Semina ya siku moja yenye fulana na soda haifanyi hivyo.

Kuhusu yeye mwenyewe: mashauri hai 20 kwa mtu mmoja ni ukingo. Zaidi ya hapo anaanza kusahau simu za siku ya tatu. Aulize kwenye usaili kama kuna msimamizi wa kukaa naye kila wiki kuzungumzia mashauri. Akianza kukosa usingizi au kumkasirikia mhanga "aliyerudi kwa mume", huo si ubaya wa moyo, ni uchovu, na unatibika mapema. Mtu mmoja huondoka na kurudi mara kadhaa kabla hajaondoka moja kwa moja, na kila mara mlango uwe wazi.

Hukumu ikisomwa, asifunge jalada siku hiyo. Amkumbushe mwendesha mashtaka kuhusu fidia kabla hakimu hajainuka, maana inasahaulika. Amweleze mhanga kwamba mfungwa ana siku 10 za kutoa notisi ya kukata rufaa na siku 45 za kuiwasilisha, kwa hiyo nakala za PF3, namba ya RB (ya taarifa iliyoandikishwa polisi) na namba ya kesi zihifadhiwe. Aende nyumbani kwao wiki ileile, kwa sababu ndugu wa mfungwa mara nyingi wanaishi nyumba ya pili. Na namba 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, abandike mlangoni kwake.