Hisa za Life Time (LTH): faida inapaa, mbona bei inasuasua?

Mkuu, umeuliza inakuwaje kampuni ambayo faida yake ya mwaka imeongezeka maradufu, hisa yake inapanda kidogo kisha inarudi chini kila ripoti inapotoka, na kama huu ni wakati wa kuinunua. Nafuatilia kampuni za mazoezi za Marekani robo kwa robo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Hisa hii ukiisoma kwa mstari wa faida peke yake itakupoteza.

Kwanza biashara yenyewe. Life Time Group Holdings ni ya Chanhassen, Minnesota. Bahram Akradi aliianzisha mwaka 1992, na ndiye aliyeirudisha sokoni akiwa mtendaji mkuu. Usiifikirie kama jimu ya mashine na vioo. Klabu yake ya kawaida ina bwawa la ndani na la nje, viwanja vya tenisi, spa, mgahawa na sehemu ya kuachia watoto, na mwishoni mwa 2024 ilikuwa na klabu 179 tu. Ada ya mwezi katika klabu nyingi ni kati ya dola 150 na 300, na kuna zinazozidi hapo. Linganisha na Planet Fitness, ambayo mwanachama mpya wa daraja la chini analipa dola 15 tangu katikati ya 2024, ina klabu zaidi ya 2,700, na nyingi kati ya hizo zinamilikiwa na watu wengine wanaolipia jina. Planet Fitness haiumii mwanachama asipofika. Life Time inaumia, kwa sababu anayelipa dola 250 bila kuingia mlangoni atajitoa kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana kuweka bei za hisa za kampuni hizi mbili kwenye jedwali moja na kusema hii ni rahisi, ile ni ghali, ni kosa linalorudiwa sana.

Hisa yake imepita njia ndefu. Iliingia soko la New York mara ya kwanza 2004. Mwaka 2015 kampuni mbili za uwekezaji, Leonard Green na TPG, ziliinunua yote na kuitoa sokoni kwa zaidi ya dola bilioni 4 ukijumlisha madeni. Oktoba 2021 ikarudi kwa dola 18 kwa hisa, ikiwa na jeraha la janga la korona: mapato ya 2019 yalikuwa dola bilioni 1.9, ya 2020 yakaporomoka hadi milioni 948, na 2021 pekee ilipata hasara ya milioni 579. Mwaka 2022 riba za Marekani zilipopanda, soko likakimbia kila kampuni yenye madeni, na hisa ikashuka hadi karibu dola 10. Ilianza 2024 ikiwa karibu 15, ikaumaliza karibu 22, na mapema 2025 ikavuka 30. Kusuasua unakokuona kulianza baada ya hapo.

Sasa tazama mapato: 2022 bilioni 1.82, 2023 bilioni 2.22, 2024 bilioni 2.62. Faida halisi ya 2023 ilikuwa milioni 76.1, ya 2024 ikawa milioni 156.2. Robo ya kwanza ya 2025 peke yake ilileta milioni 76.1, yaani sawa na mwaka mzima wa 2023. Ukiishia hapo utauza ng'ombe ununue hisa.

Usiishie hapo. Swali la kuuliza ni ukuaji huu umetoka wapi, maana idadi ya uanachama wa klabu (mmoja unaweza kuwa wa familia nzima) mwishoni mwa 2024, takribani 812,000, ilikuwa bado chini ya ile ya kabla ya janga. Uanachama ni pungufu kuliko 2019, mapato ni makubwa kwa zaidi ya theluthi. Jibu ni bei. Baada ya janga uongozi uliacha kugawa uanachama wa punguzo, ukapandisha ada ya anayejiunga leo, kisha ukaanza kusogeza taratibu ada ya mwanachama wa zamani kuelekea ile ya mgeni. Klabu zinazojaa zinawekewa orodha ya kusubiri. Juu ya ada wanauza mkufunzi binafsi, chakula na spa. Mapato kwa kila uanachama yamevuka dola 3,000 kwa mwaka. Na kwa kuwa umeme, maji ya bwawa na mishahara ya mapokezi haviongezeki kwa kasi hiyo, sehemu kubwa ya kila dola ya nyongeza inadondokea kwenye faida.

Hiyo ndiyo nguvu ya hisa hii, na ndipo wasiwasi wa soko ulipo. Tofauti kati ya ada ya zamani na ada ya mgeni ni kama akiba ya maji kwenye tangi. Kila mwaka wanafungulia bomba kidogo, na kila mwaka baadhi ya wanachama wa zamani wanaondoka wenyewe na nafasi zao kuchukuliwa na wanaolipa bei kamili. Tangi likikauka, ukuaji lazima utoke kwenye klabu mpya. Tazama kasi ya mapato ya 2025 ukilinganisha na robo zilezile za mwaka uliotangulia: robo ya kwanza asilimia 18.3, ya pili 14.0, ya tatu takribani 13. Bado ni kasi nzuri kwa biashara ya majengo, lakini mwelekeo ni wa kushuka, na hisa iliyonunuliwa kwa matarajio ya 18 haifurahii 13 hata faida ikiongezeka. Hapo ndipo penye jibu la nusu ya kwanza ya swali lako.

Nusu nyingine ni wauzaji. Leonard Green, TPG na wenzao walioingia 2015 wamekuwa wakiuza hisa zao kwa mafungu makubwa. Kila fungu linatolewa kwa bei iliyo chini kidogo ya soko, kwa hiyo bei inabonyea siku hiyo. Fedha hizo haziingii kwenye kampuni, wala hisa mpya haizaliwi. Ni mwenye hisa mmoja kumuuzia mwingine. Watu wengi huchanganya jambo hili na Agosti 2024, ambapo kampuni yenyewe ilitoa hisa mpya kupunguza madeni. Tangazo likitoka, tafuta sentensi inayosema nani anauza. Ikiwa ni wenye hisa wa zamani, kipande chako kiko palepale. Ikiwa ni kampuni, kimepungua, na uulize fedha inakwenda wapi.

Namna ya kuipima. Fungua ripoti ya mwaka, fomu 10-K, kwenye tovuti ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, ni bure. Usianze na barua ya mtendaji mkuu. Nenda moja kwa moja kwenye mtiririko wa fedha. Mwaka 2024 shughuli za klabu zilileta takribani dola milioni 575, na ujenzi pamoja na ukarabati vikala takribani milioni 525. Zinabaki kama 50. Lakini ukisoma tangazo la matokeo utakuta "fedha huru" (free cash flow, yaani hiyo inayobaki) iliyo kubwa mara kadhaa ya hapo. Si uongo, ila soma maelezo ya chini: kampuni inahesabu ndani ya fedha huru mauzo ya majengo yake, ambayo baada ya kuyauza inayapanga tena kwa mkataba mrefu.

Hili la kuuza jengo na kubaki mpangaji lielewe vizuri, kwa sababu ndiyo injini ya kampuni. Chukua mfano wa hesabu tu: klabu imejengwa kwa milioni 65, imejaa, inauzwa kwa mwekezaji wa majengo kwa milioni 65 kwa kiwango cha asilimia 7, yaani pango la mwaka ni asilimia 7 ya bei. Fedha yote inarudi na kujenga klabu nyingine. Badala yake unalipa pango la milioni 4.55 kwa mwaka, linalopanda kidogo kidogo kwa miaka 20 au zaidi. Klabu ikiingiza milioni 10 kabla ya pango, umebaki na milioni 5.45 bila fedha yako kukaa humo. Ni biashara nzuri mno wakati klabu imejaa. Ikishuka hadi milioni 6, umebaki na 1.45, na mwenye jengo hakupunguzii hata senti. Pango la kampuni nzima ni takribani milioni 300 kwa mwaka. Deni hili halionekani kwenye mstari unaoitwa madeni; linakaa chini ya wajibu wa mikataba ya pango. Ukisikia uwiano wa deni umeshuka hadi mara 2.3 ya EBITDA (faida kabla ya riba, kodi na uchakavu) mwishoni mwa 2024, ni kweli na ni kazi nzuri, lakini pango halimo humo.

Kwa hiyo hesabu zangu huwa mbili. Ya kwanza ya kawaida: chukua hisa milioni 220, zidisha na bei, tuseme dola 28, unapata bilioni 6.16. Ongeza deni halisi (deni ukitoa fedha taslimu) la bilioni 1.5, unafika 7.66. Gawanya kwa EBITDA iliyorekebishwa ya 2024, milioni 677: mara 11.3. Ya pili: lihesabu pango nalo kama deni, milioni 300 mara 8, yaani bilioni 2.4, ongeza kwenye ile 7.66, unafika kama 10.1, kisha gawanya kwa EBITDA kabla ya pango, kama milioni 977. Unapata mara 10.3. Hesabu ya pili ndiyo ya kulinganishia na kampuni inayomiliki majengo yake. Ukitumia njia ya bei kwa faida, pato kwa hisa la 2024 lilikuwa dola 0.74, kwa hiyo kwa dola 28 unalipa mara 38 ya faida iliyopita. Si rahisi. Unalipia kesho. Na kumbuka EBITDA iliyorekebishwa inaondoa gharama ya hisa wanazopewa wafanyakazi, ambayo kwako wewe mwenye hisa ni gharama halisi.

Jambo moja la upande wa madeni halisemwi vya kutosha. Kampuni ilikuwa na hati fungani mbili kubwa za kulipwa 2026, moja kwa riba ya asilimia 5.75 na nyingine asilimia 8. Mwishoni mwa 2024 ilizibadilisha kwa mkopo mpya wa muda mrefu na hati za asilimia 6 za hadi 2031. Hapo hatari ya kufa ghafla iliondoka, na ndiyo sababu moja kubwa iliyoipandisha hisa. Lakini pia ina maana kwamba sehemu ya kuruka kwa faida ya 2025 ni riba iliyopungua, na nafuu hiyo huja mara moja. Usiichore mstari ulionyooka hadi 2028.

Kinachoweza kuharibika? Kudorora kwa uchumi wa watu wa kipato cha juu, hasa soko la hisa lenyewe likiporomoka. Klabu mpya nyingi kufunguliwa kwa mpigo, kwa sababu kila moja inaanza na gharama za kabla ya ufunguzi na inahitaji miaka kadhaa kukomaa. 2025 mpango ulikuwa klabu 10 hadi 12. Na wanunuzi wa majengo wakidai asilimia 8 badala ya 7, jengo lilelile lenye pango lile la milioni 4.55 linauzwa milioni 57, si 65, na injini inapoteza nguvu.

Maoni yangu: biashara ni imara kuliko ilivyowahi kuwa tangu irudi sokoni, uongozi unajua kupanga bei, na sioni sababu ya mwenye hisa aliyenunua chini ya 20 kukimbia. Kwa anayeingia karibu na 30, faida ya haraka imeshaliwa. Ningenunua kwa vipande vitatu, kimoja baada ya kila ripoti, na ningesubiri bei ibonyee siku ya mauzo ya fungu kubwa.

Kwa mlio Tanzania na Kenya: LTH haitoi gawio, kwa hiyo makato ya asilimia 30 ya gawio la Marekani hayawahusu kwa hisa hii. Jaza hata hivyo fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba si mkazi wa Marekani kikodi, kwa wakala wako, na ujue kwamba mali ya Marekani inayozidi dola 60,000 ya mtu asiye mkazi wala raia wa huko inaweza kutozwa kodi ya mirathi akifariki. Hilo wengi hawalijui, na familia ndiyo inayokuja kukwama.

Ripoti ijayo ikitoka, anza na mapato kwa kila uanachama. Yakikua chini ya asilimia 5 huku wanachama hawaongezeki, rudi hapa tuongee upya, hata kama faida imeandikwa kwa herufi kubwa.